Mtaro wa Kyalo

Darasa la nne, jioni

Mumbua, mwaitu,

Salamu sikuandikii, maana nimekuacha sasa hivi tu jikoni ukibishana na mama yako. Wewe unasema sanduku limejaa, yeye anazidi kushindilia mbaazi kavu kana kwamba Mombasa watu hawali. Niliwaambia naenda shuleni kufunga madirisha. Mkanitazama, mkatazamana, mkaendelea kubishana, kwa sababu mnajua vizuri kwamba madirisha ya darasa la nne hayana cha kufunga.

Basi niko hapa. Nimekaa kwenye dawati la mbele, magoti yamenibana karibu na kifua, kwa kuwa nikikaa kwenye meza yangu nitakuandikia kama mwalimu. Habari za blanketi na chandarua, za kutokula samaki wa jana, za kutomwamini kila anayekuita dada, hizo mama yako atakuimbia mpaka basi liondoke, na baada ya hapo atalikimbilia dirishani amalizie. Mimi sina la kuongeza. Mimi nataka kukuambia juu ya kaka yako.

Kesho jioni Kyalo atakuwa stendi akikungoja. Ni mama yako aliyepanga naye. Mimi sikuulizwa, na nilistahili kutoulizwa. Wewe na yeye hamjuani sana, mkiwa kifungua mimba na kitinda mimba, na dada zenu walio katikati wamekwisha kuolewa. Alipoondoka hapa ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Umekua ukisikia kwamba alikwenda pwani kutafuta kazi, na hilo si uongo, ila ni ukweli ulioachwa nusu. Hajaniita baba tangu alipokuwa kijana wa darasa la saba. Sababu ni mimi. Nataka uisikie kwangu kabla hujashuka kwenye basi hilo, kwa maana unakwenda kusomea ualimu, na kosa lenyewe ni la mwalimu.

Naandika kwa Kiswahili, ingawa mimi na wewe tumezoea kusemezana Kikamba. Nilijaribu kwa Kikamba jana nikashindwa kumaliza hata ukurasa. Kikamba kinanifikia karibu mno. Kiswahili nimekifundisha maisha yangu yote, kwa hiyo naweza kukishika mpaka mwisho.

Nianze na babu yako, mume wa yule mama yangu uliyerithi jina lake, hata nakuita mwaitu, yaani mama. Nilipokuwa mdogo, kabla ya Uhuru, askari wa chifu alikuwa akipuliza filimbi asubuhi na wanaume wote wa kilima hiki wanatoka na majembe kwenda kuchimba mitaro shambani. Asiyetoka alichukuliwa mbuzi. Nilimwona baba yangu, mtu ambaye wazee wenzake walimsikiliza akisema, akiamrishwa na kijana wa kaptura aliyekuwa hajaota ndevu. "Wewe! Chimba hapo! Unaangalia nini?" Baba akachimba. Hakuna aliyemwambia ule mtaro ni wa nini. Hakuna aliyemweleza kwamba mvua ikija kwa kishindo inateremka na udongo wote wa juu, na kwamba mtaro unaipunguza mbio ikaingia ardhini. Aliambiwa chimba tu. Mimi nikiwa nimejificha nyuma ya mnyaa nikala kiapo kwamba nitasoma, nitasoma mpaka mtu asiniwekee jembe mkononi.

Uhuru ulipokuja, unajua tulisherehekea vipi? Watu wengine walicheza ngoma. Hapa kwetu tulicheza ngoma, halafu tukaenda kufukia mitaro. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimevaa shati jeupe, na mimi mwenyewe nilishika koleo nikaufukia mtaro wa baba yangu huku kina mama wakipiga vigelegele. Tulisema huo ni utumwa tunauzika. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sijui kama kuna watu wengine duniani waliosherehekea kwa kuyafungulia maji njia ya kubeba udongo wao, lakini sisi ndivyo tulivyofanya, na mimi msomi nilikuwa mbele.

Kiapo changu nilikuja nacho darasani. Wewe umenijua nikiwa mwalimu mwingine, kwa hiyo utashangaa. Siku zile katika shule hii jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa, jembe. Aliyepiga kelele, jembe. Aliyesikika akisema Kikamba darasani, jembe. Waliofaulu walikaa kivulini na vitabu vyao, na waliofeli wakang'oa visiki juani mbele ya macho ya wenzao. Niliwaambia, "Mkikataa kushika kalamu, hiki ndicho mtashika." Nilisema hivyo kwa watoto ambao karibu wote wangeishi kwa shamba, na wazazi wao wote waliishi kwa shamba. Hakuna mzazi hata mmoja aliyekuja kulalamika. Walinishukuru, maana na wao walitaka watoto wao wakimbie.

Na huku mvua ilikuwa inabadilika. Mimi nakumbuka mvua za mwisho wa mwaka zikija kwa wakati, mama anapanda udongo ukiwa bado mkavu kwa sababu alizijua. Katika miaka ya sabini zikaanza kuchelewa, na zikija zinakuja zote kwa hasira siku mbili tatu, halafu kimya. Udongo uliokuwa umebanwa na mitaro ya askari ukateremka mtoni. Mto ule wa mchanga tunakochota maji ukageuka rangi ya chai ya maziwa kila ikinyesha. Watu walisema ni Mungu, wengine wakasema ni dhambi za vijana wa nywele ndefu. Mimi nilikuwa na elimu ya kutosha kujua ni nini, lakini nilikuwa na shughuli ya kutayarisha watoto kwa mtihani.

Ndipo nikaitwa semina ya walimu huko Machakos. Tulifundishwa na afisa wa kilimo, kijana mpole aliyekuwa na mafua, akipiga chafya katikati ya kila sentensi. Alituonyesha namna ya kuchimba mtaro ukikata mteremko na kutupa udongo upande wa juu, ule wanaouita fanya juu, ili tuta linalobaki lizuie udongo na maji yalale. Akatupa kila mmoja vijiti viwili, kamba na pimamaji ndogo ya kuning'iniza katikati, tuweze kuufuata usawa wa ardhi. Akatuambia, "Msiende kuweka hii kabatini, walimu. Peleka kwa watoto, watoto watapeleka nyumbani." Tuliitika sote.

Nilifika nyumbani nikaiweka mezani. Kyalo alikuwa darasa la sita. Mumbua, sijui kama umewahi kumwona kaka yako anapopenda kitu. Anakunja uso kama mtu aliyeumwa na jino. Aliishika ile pimamaji akaiinamisha huku na huku, akifuata kile kipovu, akatoka nayo nje akaijaribu kwenye ukuta, kwenye kinu, kwenye mgongo wa mbuzi. Akarudi akihema.

"Baba, hii maji inajuaje pahali pamelala sawa?"

Mtoto wako akikuuliza swali kama hilo, weka chini ulichoshika. Mimi nilimnyang'anya.

"Wacha hiyo. Hiyo ni ya wale watashindwa mtihani. Wewe shika hesabu."

Nikaitundika kwenye msumari ukutani. Ikakaa hapo.

Nikikumbuka siku hiyo natamani kuingia tena mlango ule nikiwa mtu mwingine. Ningetoka naye nje. Jioni hiyo hiyo tungekuwa tumepima shamba lote, mimi kijiti hiki na yeye kile, na keshoye ningewatoa darasa la sita zima wakajifunza hesabu kwenye mteremko. Hesabu iliyokuwa ikimsumbua ilikuwa imening'inia ukutani juu ya kichwa chake, na mimi ndiye niliyeiweka mahali asipofika.

Mwaka uliofuata akafanya mtihani. Alipita kidogo tu, hakupata nafasi katika shule yoyote ya serikali. Mtoto wa mwalimu! Watu walinipa pole kwa sauti zenye kicheko ndani, au ndivyo nilivyosikia mimi. Nilipotoka kuangalia majina nilitembea mpaka nyumbani. Kyalo alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha kusikia. Nilikwenda moja kwa moja nikachukua jembe nikamtupia miguuni.

"Si ulipenda pimamaji? Basi shamba ndiyo hilo. Chimba kutoka mgomba mpaka kwa Nzioka. Usiniletee uso wako mpaka umalize."

Akaliokota. Akasema, "Ndiyo, mwalimu."

Shuleni nilikuwa nimeweka sheria kwamba lazima aniite mwalimu kama wengine, asijione. Nyumbani alikuwa akiniita baba. Siku hiyo aliniita mwalimu ndani ya nyumba yangu, na mimi katika ujinga wangu nikadhani ni heshima.

Alichimba likizo yote. Watoto waliopita kwenda kuchota maji walimwita Kyalo wa Mtaro, wakamtungia na wimbo. Mimi nilitoa kiti nikakiweka nje, nikakaa nikisoma gazeti la wiki iliyopita ili anione nimekaa. Unaelewa, mwaitu? Nilikuwa nimekuwa yule kijana wa kaptura. Filimbi tu ndiyo niliyoikosa.

Jambo moja niliona nikanyamaza. Asubuhi ya pili msumari ukutani ulikuwa mtupu. Alikuwa ameichukua pimamaji. Mtu anayechimba kwa hasira huchimba ovyo ili amalize, na mimi nilimpa kazi hiyo kwa hasira, bila kumwonyesha chochote. Lakini Kyalo alichimba sawa. Alipima, akapigilia vigingi, akafuata mteremko ulivyojikunja, akatupa udongo juu kama alivyosikia mimi nikimsimulia mama yako yaliyosemwa Machakos. Sikutoka kwenye kiti kwenda kuangalia.

Alipomaliza aliliosha jembe, akaliegemeza mlangoni, akarudisha pimamaji kwenye msumari. Akala, akamuaga mama yako, akakubeba kidogo wewe ukamvuta sikio. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Akasema, "Nimemaliza, mwalimu." Akashika njia ya mji wa Wote, kwenye mabasi. Nilidhani atarudi jioni.

Baada ya hapo nilikuwa nikizunguka kwa nyuma kwenda shuleni nisiuone ule mtaro. Mama yako hakuzunguka. Kila msimu alishuka peke yake akauzoa matope, akaotesha mbaazi na mtama kandokando yake. Nilimwona, nikajifanya sioni. Nafikiri ilikuwa njia yake ya kumfulia mtoto nguo akiwa mbali.

Na pimamaji ikabaki ukutani miaka hiyo yote. Sikumfundisha mtu. Kumfundisha mtu kungenilazimu kwenda kusimama pale na kusema huu ulichimbwa na nani na kwa nini. Hapo ndipo moyo unaponiuma zaidi hata kuliko kwa Kyalo, kwa sababu Kyalo alikuwa mmoja, na kilima kilikuwa na nyumba nyingi. Jirani yetu Nzioka, rika langu, tulitahiriwa pamoja, hakuwa na mtaro. Maji yaliyoteremka kutoka juu yalikata shamba lake katikati. Kwanza ulikuwa ufa wa kurukwa na mtoto, halafu ukawa korongo la kumeza ng'ombe. Mwishowe alifunga mizigo akawahamisha watu wake kwenda kutafuta ardhi upande wa Kibwezi. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, asante sana. Hawa watoto umenisomeshea, wanajua kusoma na kuandika. Hii korongo ni Mungu tu."

Nikamwambia amina. Jibu la korongo lake lilikuwa kwenye msumari nyumbani kwangu, nikamwambia amina.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne. Huo unaukumbuka mwenyewe, ulikuwa darasa la tatu. Unakumbuka mahindi ya njano ya msaada, na harufu yake, na jinsi ulivyokataa kuyala mpaka mama yako akakuambia yamepakwa rangi na malaika. Mvua ilinyesha mara moja tu, alasiri moja ya maana, na ikaenda zake. Kwa watu wengine iliteremka yote mtoni. Kwetu ililala kwenye mtaro wa Kyalo. Nilitoka asubuhi nikauona, umejaa kutoka mgomba mpaka mpaka wa Nzioka, maji yametulia, hayainami upande wowote. Nikaufuata ukingo wake mpaka mwisho. Kijana niliyesema hajui hesabu alikuwa amelaza maji shamba zima na hakuna tone lililopotea njia.

Mbaazi zile zilibeba. Mtama ukatoa masuke mafupi, lakini ukatoa. Kipande hicho cha kijani kilikuwa peke yake kilimani, na ndicho kilichokulisha, Mumbua. Ulikua kwa jasho la kaka yako na hukujua.

Watu wakaanza kuja kutazama. Halafu chifu akaitisha baraza pale pale shambani. Akasimama akasema, "Mnaona faida ya elimu? Huyu ni msomi. Mwalimu, hebu ambia watu ulifanya nini."

Nikasimama. Nikatoa pimamaji mfukoni, ile ile. Nikaeleza mteremko, nikaeleza udongo wa juu na mvua hizi mpya zinazokuja kwa pupa, nikaeleza kwa nini baba zetu walichimbishwa na kwa nini sisi tulikosea kufukia. Nilieleza vizuri sana, unanijua nikianza kueleza. Watu walipiga makofi. Kichwa kikavimba. Mama yako alikuwa amekaa nyuma na kikundi chake cha mwethya, wale kina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu, na yeye peke yake hakupiga makofi.

Tulipokuwa tunapanda kurudi nyumbani aliniambia, "Umewaambia yote, isipokuwa jina ya mwenye alichimba."

Akatangulia kwenda kuwasha moto. Hajaongeza neno mpaka leo.

Nilianza kufundisha. Nilianza na darasa lako, la nne, hapa hapa. Wewe ulikaa dawati la pili, karibu na mlango. Jembe nikaliondoa kwenye adhabu, nikaliweka kwenye somo, na pimamaji nikaiteremsha msumarini kabisa. Unakumbuka nilivyokupa ushike kamba ukalia kwa sababu ulitaka kushika kipovu? Watoto wakapeleka nyumbani kama alivyosema yule afisa wa mafua. Wazazi wakaja kuuliza jioni kwenye darasa la watu wazima, lile linaloitwa ngumbaru, wakajifunza kuandika jina na kupima mteremko kwa wakati mmoja. Mwethya wa mama yako ukachukua shamba moja baada ya jingine. Tukarudia mtama tuliokuwa tumeuonea aibu. Mvua haijawa rafiki yetu tangu hapo, na siamini kwamba itarudi kuwa ile ya mama yangu, lakini ikija sasa inakuta tumeitandikia. Watu wa kilima hiki wamebaki kwao. Nzioka hajarudi.

Najua kwamba masomo yale ndiyo yaliyokufanya utake ualimu. Ulimwambia mkaguzi hivyo mbele yangu siku ile, kwamba baba yako alikufundisha kuipenda ardhi. Nilitaka kukurekebisha na sikuthubutu, kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani anayenitazama kama unavyonitazama wewe. Sasa nimekurekebisha. Aliyekufundisha ni Kyalo. Mimi nilikuwa mlango tu, na nilikaa nimefungwa miaka mingi.

Sitakuambia uwe mwalimu wa namna gani. Nimewasikia wakaguzi wakisema namna hiyo maisha yangu yote na sikumbuki hata neno lao moja. Lakini utapata darasa lako, huenda mahali pakavu kama hapa, na watakuletea fimbo, na watakuletea jembe. Kabla hujampa mtoto jembe, jiulize atalikumbuka vipi akiwa na shamba lake. Nimewafundisha watoto wengi kusoma. Wengi wao walitoka hapa wakijua kusoma na wakiona haya kwa mikono ya mama zao. Hilo la pili sikuliandika ubaoni, lakini ndilo waliloshika vizuri zaidi.

Wiki hii niliwapeleka darasa la nne kwenye mtaro, kama kila mwaka. Kuna msichana mmoja mdogo, mjukuu wa mzee wa kanisa, ambaye hanyamazi. Akauliza, "Mwalimu, hii ilichimbwa na nani?" Miaka yote hiyo nilikuwa nikijibu kwamba ilichimbwa zamani. Sijui kwa nini safari hii ulimi uliniteleza. Labda ni kwa sababu ya sanduku lako pale nyumbani.

Nikasema, "Kyalo. Kijana wangu."

"Ako wapi?"

"Mombasa."

"Na anajua inashika maji?"

Nikawaambia warudi darasani, jua limekuwa kali. Halikuwa limekuwa kali.

Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama yako kama amewahi kumwambia, katika barua zote hizo anazoandikiwa na nyinyi watoto kumpelekea. Akasema, "Hiyo si yangu kusema." Akaendelea kuchambua maharagwe. Alipokuja kumzika nyanya yako, Kyalo alilala kwa mjomba na kuondoka asubuhi, hakushuka shambani, na huo ulikuwa wakati wa kiangazi, hata angeshuka angeona shimo refu kavu. Kwa hiyo hajui, Mumbua. Anajua alichimba juani, akachekwa, akaondoka. Hajui kwamba tulikula. Amebeba adhabu miaka hii yote bila kuambiwa kwamba kazi ilikuwa njema.

Nimejaribu kumwandikia yeye mwenyewe. Nafika kwenye jina lake, kisha najiona nikisahihisha hijai zake kabla hajaandika. Msamaha sikutumi kuniombea. Huo ni mzigo wa mtu mzima na nitaubeba mwenyewe, shule zikifungwa mwezi wa Agosti, kama atakubali nishuke. Nitasimama stendi kama mgeni mwingine yeyote. Akipita asinitazame nitapanda basi la kurudi, na sitamlaumu.

Giza linaingia na nimeanza kuandika nje ya mistari, kosa ambalo ningekuchapia zamani. Nikirudi nyumbani nitakuta sanduku limefungwa kwa kamba na mbaazi zimeshinda. Zichukue, usibishe. Zimetoka pale. Mpe Kyalo nusu, azipike mwenyewe, azile.

Na akiwa anakula, usitangulize maneno mengi, mwambie hivi tu: mtaro wako bado unashika maji. Akikuuliza ni nani amesema, usimwambie ni mwalimu. Mwambie ni baba.

Baba yako